Pipa Lililolazwa Kizibo Chini

8 Septemba

Leo nimemwachia mtu wa mji jirani wa Lebanon pikapu ya mdogo wangu, Denzil. Imekaa uani kwangu miaka miwili, matairi yamelala, na nilikuwa nimechoka kuiona kila nikifungua mlango. Nilipoisafisha nikakuta daftari hili chini ya kiti. Limeandikwa ukurasa mmoja tu, wa kwanza. Si maneno, ni tarakimu: 9, 4, 11, 6, 1. Ukurasa mzima. Mtu mwingine angedhani ni namba za bahati nasibu. Mimi nazijua. Ni mahali pa kuanzia kizibo.

Pipa la wiski halisimami ghalani. Linalazwa ubavu juu ya reli mbili za mbao, linasukumwa, linabingirika hadi mahali pake. Likitulia, kizibo, kile kipande cha mti kinachoziba tundu la ubavuni, lazima kiwe juu. Kikiwa chini, wiski inakilowesha miaka na miaka, inapenya, inadondoka. Kwa hiyo kabla hujalisukuma unatazama pipa kama uso wa saa, unajua linakwenda mbali gani, unaanza kizibo kwenye tisa, au nne, ili lifike kikiwa juu. Mdogo wangu aliandika hesabu hiyo wiki yake ya kwanza kazini, na sikumwona akiitazama tena.

Kurasa nyingine ni tupu. Nitaandika mimi. Shule niliacha darasa la nane nikaingia mgodini, kwa hiyo sina mwandiko, lakini hakuna anayesoma.

9 Septemba

Joto. Mapipa arobaini.

12 Septemba

Mapipa hamsini na mawili. Bega la kushoto halinyanyuki. Tyree, mwenzangu wa reli, amenitazama nikivaa koti kwa mkono mmoja.

"Arlis, unavaa koti au unapigana nalo?"

"Linashinda."

"Rudi milimani kwenu ukafuge mbuzi, kaka. Wewe na bega lako mmestaafu, tatizo hamjaambizana."

Tyree kazaliwa hapa hapa, babu yake alifanya kazi kwenye ghala hili hili. Ananitania milima kila siku. Denzil alipokufa, Tyree ndiye mtu pekee wa hapa aliyeendesha gari mwendo wa saa nne kuja kumzika.

17 Septemba

Msimamizi wetu, mzee Hagan, ametukusanya baada ya chakula. Mwezi ujao anakuja mnunuzi kutoka Chicago kuchagua mapipa ya wiski ya rai, ile ya miaka saba, ghorofa ya tano. Huyo hataki mchanganyiko. Anataka pipa moja moja, kila pipa na ladha yake, na chupa yake ataiuza kwa bei ya kununua kitanda. Tutoboe mapipa, tutoe sampuli, Bi Cissell aonje kwanza. Bi Cissell ndiye ulimi wa kiwanda. Akisema hii ni nzuri, ni nzuri. Akisema imekwisha, imekwisha.

Nafaka ya rai haina huruma kama mahindi. Mahindi yanatoa wiski tamu, inayokukumbatia. Rai inakuuliza umekuja kufanya nini.

Ya miaka saba, ghorofa ya tano. Nimeuliza tarehe yalipolazwa ingawa nilikuwa naijua. Tarehe kumi na nne Oktoba. Tuliyalaza sisi, mimi na Denzil.

18 Septemba

Sikulala vizuri. Bora niandike.

Siku ile, kama saa nne asubuhi, Hagan aliniita kwenye simu ya ofisi. Alikuwa shangazi Zelda, kutoka nyumbani. Mama amefariki, amekutwa jikoni, maharage bado yako motoni. Nikapanda ghorofa tano kwa ngazi. Denzil alikuwa ndani ya safu, ya tatu kutoka dirishani, mikono juu ya pipa, akiimba upuuzi wake. Lori lilikuwa halijashushwa hata nusu. Nilifikiri: nikilisema taratibu, nitaanguka hapa hapa. Basi nikalisema haraka.

Nikasema, "Mama amefariki. Shika hilo."

Akanitazama. Akasema, "Haya." Akalisukuma pipa.

Tukamaliza lori. Mapipa sitini. Hakulia, hakukaa, hakuuliza. Aliacha kuimba, basi. Nikawa namtazama mgongo siku nzima na chuki ikinijaa kidogo kidogo. Kaburini, mbele ya mashangazi wote, nikamwambia: "Mapipa sitini, na hukukosea hata moja. Moyo wako umetengenezwa na nini?"

Toka siku ile tulisemezana maneno ya kazi tu. Shika. Achia. Sukuma. Zaidi ya miaka minne, reli moja, maneno matatu. Halafu Februari ya mwaka juzi akaenda peke yake kusafisha kaburi la Mama, barabara ina barafu, gari likateleza kwenye kona, na hakufika. Alikuwa ameniuliza kama nitakwenda. Maneno aliyosema ni, "Jumamosi napanda milimani." Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi.

22 Septemba

Mvua. Mapipa thelathini.

27 Septemba

Leo tumetoboa safu ya kwanza na ya pili. Unatoboa tundu dogo usoni mwa pipa, wiski inachuruzika kama uzi, unakinga kwenye chupa, unapiga kijiti tundu linaziba. Naonja, natema kwenye ndoo. Mama alikuwa Mbatisti wa wale wa zamani, pombe haikuvuka kizingiti chake hata kama dawa ya kikohozi. Nilipokuja kufanya kazi hapa niliapa mbele yake kwamba sitameza. Miaka tisa natema. Ndiyo maana ulimi wangu umekuwa mzuri; wanaomeza wanachoka saa tano asubuhi.

28 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulifika safu ya tatu. Tyree akatoboa pipa la nne. Hakikutoka kitu. Akagonga kwa nyundo.

"Arlis, njoo usikilize. Linalia kama ngoma."

"Limevuja."

"Limevuja wapi? Pete zote nzima." Akalala kifudifudi na tochi yake, akaangalia chini ya reli. Nikamsikia akicheka. "Ee bwana! Kizibo kiko chini! Nani alilaza hili, mke wa padri?"

Hapa ukilaza kizibo chini jina lako linaandikwa ubaoni, na unawapikia wenzako chakula cha mchana wiki nzima. Tyree ameshapika mara mbili. Mimi mara nne. Kuna jina moja halijawahi kuandikwa ubaoni.

Nikaangalia mwisho wa safu, kwenye alama ya chaki. Denzil alikuwa akichora ndoana ya samaki, ndogo, kwenye kila safu yake. Ndoana ilikuwepo. Na usoni mwa pipa, tarehe. Kumi na nne Oktoba.

Tyree akaiona pia. Akashusha tochi. Kisha akasema, taratibu, "Denzil? Haiwezekani. Yule alikuwa akilaza pipa huku amelala mwenyewe. Hagan alikuwa hata hakagui safu zake."

Nilikaa chini, kwenye vumbi. Safu ya tatu kutoka dirishani. Siku ile nilikuwa nimesimama pale pale, kwenye nguzo. Ni lile pipa. Ni lile nililosema, Shika hilo.

Michirizi myeusi inayonata ilikuwa imeshuka kutoka kwenye kizibo hadi sakafuni, imekauka juu ya nyingine iliyokauka. Imedondoka miaka saba, na mimi nilikuwa nikipita chini yake kila siku na chakula changu mkononi.

"Kaka," Tyree akasema, "kunywa maji."

"Sinywi."

"Nimesema maji, mjinga wewe."

29 Septemba

Hagan amepanda mwenyewe kuona, na magoti yake yale. Tumeligeuza. Amegongoa kizibo cha zamani akapiga kipya. Nimeokota cha zamani nikatia mfukoni. Ni kipande cha mti ukubwa wa yai, kimekuwa cheusi, kimelewa kabisa.

Wiski iliyobaki haifiki galoni tano. Iliingia hamsini na tatu.

"Bi Cissell hataipenda," Hagan akasema. "Iliyobaki kidogo hivi inakuwa mbao tupu. Utadhani unalamba mlango wa kanisa."

"Itakwenda wapi?"

"Akisema imekwisha, inamwagwa." Akanitazama. Anajua habari yote, ndiye aliyenipa ile simu. "Au mtu anashuka na mtungi kabla haijamwagwa. Mimi mzee, Arlis. Jioni sioni vizuri."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru. Omba iwe mbaya."

2 Oktoba

Nakiweka kizibo kwenye kikombe kando ya kitanda. Nikirudi nakinusa. Karafuu, na kitu kama ghala la tumbaku asubuhi.

Nimeshapanga. Mtungi mmoja. Nitaupeleka nyumbani, niumwage kati ya makaburi yao mawili. Mama atakasirika. Atakuwa na haki. Lakini ni kitu pekee duniani ambacho Denzil alikikosea siku ile, na kipo, kina majimaji.

6 Oktoba

Mapipa hamsini. Nimenusa kizibo. Bado.

9 Oktoba

Tyree ananiambia anasali wiski iharibike. "Padri angenifukuza," anasema. "Kanisa langu limejengwa kwa fedha za wiski."

14 Oktoba

Leo ndiyo siku yenyewe. Mapipa arobaini na manane, yote kizibo juu.

19 Oktoba

Mnunuzi amefika. Bwana Lindqvist, mrefu, viatu safi, mpole kuliko nilivyotaka. Nilitaka awe mshenzi ili nimchukie.

Waliweka ubao juu ya mapipa mawili, glasi kumi na nne zimepangwa, ndoo ya kutemea, chupa ya maji, biskuti kavu. Bi Cissell na mnunuzi wakaonja mapipa kumi na matatu. Hili tamu mno. Hili fupi, linaondoka kabla hujasema jina lake. Hili zuri, dola mia na ishirini kwa chupa. Mimi na Tyree tulisimama nyuma kama viti.

Glasi ya mwisho ilikuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika motoni.

"Na hii?" Bwana Lindqvist akauliza.

"Hii nimeileta kwa udadisi tu," Bi Cissell akasema. "Ililazwa vibaya. Imebaki kidogo." Akanywa, akakunja uso, akatema. "Mbao. Kali mno, imekauka. Nadhani imekwisha."

Nyuma yangu nikasikia Tyree anashusha pumzi. Hagan, mlangoni, akaanza kutazama dirisha. Ilikuwa yangu.

Mnunuzi naye akaonja. "Ndiyo. Mbao." Lakini hakuweka glasi chini. "Chini yake kuna kitu. Sikipati."

Bi Cissell akageuka. "Arlis. Njoo. Huyu," akamwambia mnunuzi, "hajawahi kunisifia hata pipa moja kwa kuniogopa. Mwaka jana aliniambia wiski yangu inanuka koti la mvua."

"Ilinuka," nikasema.

"Ilinuka," akakubali. "Onja. Niambie kama imekwisha."

Nikachukua glasi. Nikaweka mdomoni. Na ni kweli, mwanzo ni mbao. Ni kama kutafuna penseli. Ningetema na kusema neno moja, mbao, na lisingekuwa uongo. Mara nyingi nusu ya kweli si uongo. Hata maneno yangu kaburini yalikuwa nusu ya kweli.

Nikatema. Nikaona jinsi ilivyoacha mafuta kwenye glasi, yanashuka polepole kama hayataki. Wiski iliyobanwa hivyo haifunguki peke yake. Inataka maji. Matone, si zaidi. Bi Cissell anajua, lakini alikuwa amechoka na alikuwa ameshaamua, na glasi kumi na tatu ni nyingi.

Hakuna aliyenitaka niweke maji.

Nikachukua ile chupa. Nikadondosha tone moja. La pili. La tatu. Nikasikia Tyree nyuma yangu akisema chini chini, "Usifanye hivyo, kaka. Usifanye."

Nikanywa tena.

Mbao ilisogea pembeni kama mtu anayekupisha mlangoni. Ikaja pilipili manga. Ikaja karafuu, zile ambazo Mama alikuwa akizichomeka kwenye paja la nguruwe Krismasi, na Denzil akizichomoa mojamoja na kuzificha shavuni. Ganda la chungwa. Sukari iliyoungua chini ya sufuria. Halafu, nilipodhani imekwisha, ikaja mnanaa, baridi, wa kando ya kijito chetu, ukakaa. Ukakaa. Nilihesabu hadi arobaini na bado ulikuwa mdomoni.

Sikutema. Nilimeza. Nisamehe, Mama.

"Basi?" Bi Cissell akasema. "Imekwisha?"

Miaka saba iliyopita nilimsema Denzil vibaya mbele ya watu. Kitu kimoja kilichobaki cha mkono wake kilikuwa ndani ya glasi, na ili nikipate ilinibidi niseme hakina thamani. Sikuweza. Labda mtu mwingine angeweza.

"Haijaisha," nikasema. "Weka maji matone matatu, usubiri. Ni nzuri kuliko zote mezani. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja hapa."

Wakaweka maji. Wakasubiri. Niliona uso wa Bi Cissell ukibadilika, akaweka mkono mdomoni. Bwana Lindqvist alikaa juu ya pipa, na suruali yake safi.

"Ungeilipia?" akaniuliza. "Kama ungekuwa na uwezo. Ungesema ina thamani gani?"

"Mimi si wa kuulizwa."

"Wewe ndiye wa kuulizwa."

"Ina thamani ya mtu," nikasema, nikashuka ngazi.

20 Oktoba

Wamekubaliana dola mia sita kwa chupa. Chupa ishirini na tano, zote zimeshapata wenyewe huko Chicago. Hata moja haibaki. Bi Cissell ameniuliza kama kuna jambo, maana Hagan anamkwepa. Nikasema hakuna.

Tyree hakuniongelesha mpaka chakula.

"Neno moja," akasema. "Neno moja tu ulitakiwa kusema."

"Lisingekuwa kweli."

"Marehemu hasomi magazeti ya wiski, Arlis."

"Najua."

Akanikatia nusu ya mkate wake wa soseji. Tukala.

3 Novemba

Wamelimimina leo, tayari kwa chupa. Nilikuwa zamu ile. Nikaona ikitoka, uzi mwembamba mweusi na chembe za makaa, maana pipa huchomwa ndani, muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Hagan alinishika bega, lile zuri.

Nimenusa kizibo. Bado.

11 Novemba

Mapipa arobaini na manne.

16 Novemba

Bi Cissell ametuonyesha karatasi ya chupa. Wameandika: karafuu, chungwa, mnanaa, umalizio mrefu. Wameandika "tukio adimu la ghalani". Nimesoma mara mbili kutafuta jina. Si kosa lao. Sikuwaambia.

24 Novemba

Baridi. Nimenusa. Kidogo.

8 Desemba

Wiki iliyopita nilifuta vumbi kwenye ubao wa majina. Nikachukua chaki nikaandika jina la Denzil, chini ya langu. Hagan akauliza nani ameandika. Nikasema ni haki yake. Tyree akasema, "Basi marehemu anatunyima chakula cha wiki nzima." Keshoye akaja na sufuria la maharage na mkate wa mahindi, akawapakulia watu wote, akasema, "Kwa niaba." Wiki nzima akapika, jamaa yule. Nilikula nikiwa nimewageuzia mgongo.

10 Desemba

Theluji kidogo. Nimenusa kizibo. Sijui kama nasikia au nakumbuka.

20 Desemba

Nimepanda nyumbani. Mwendo wa saa nne barabarani, nilikwenda polepole mahali pale penye kona. Sijafika huku tangu tumzike Denzil. Shangazi Zelda alitaka nile kwanza. Nikasema narudi sasa hivi.

Makaburi yako juu, mwinuko mkali, majani yamekufa. Mama, halafu yeye. Nilisimama pale pale niliposimama siku tuliyomzika Mama. Nikatoa kizibo mfukoni nikakinusa. Ni mti tu. Hakuna kitu tena, ni mti.

Nikapiga magoti kwa shida. Nikakisukuma kwenye udongo, kati yao, nikakigonga kwa jiwe hadi kikaingia sawasawa, kizibo juu.

Halafu nikamwambia. Hakukuwa na mashangazi wa kusikia, lakini nilisema kwa sauti ile ile kubwa ya siku ile.

"Nilisema sitini, Denzil. Yalikuwa hamsini na tisa."